Mdahalo na Shule ya Nje: Anzeni kwa Maandishi

Shule inapopata nafasi ya kujadiliana na shule ya nchi nyingine, kitu cha kwanza kinachotafutwa huwa ni projekta. Baada ya hapo hutafutwa kamera, bando la kutosha, na wanafunzi wawili watatu wenye ufasaha ili wawasemee wenzao. Siku ikifika, nusu ya kipindi huishia kwenye salamu na kuulizana kama sauti inasikika, mtandao hukatika hoja zinapoanza kunoga, na darasa zima lililobaki hukaa nyuma likitazama visogo vya wasemaji. Picha hupigwa na mgeni hushukuriwa. Lakini mwanafunzi aliyeketi mstari wa nne hakutoa hoja, hakupingwa, wala hakulazimika kufikiri upya jambo lolote aliloliamini asubuhi ile. Ushauri wangu kwa walimu na wazazi wa wanafunzi wa gredi ya 7 hadi ya 9 nchini Kenya, na wa watoto wa umri huohuo Tanzania na kwingineko Afrika Mashariki, ni kwamba mdahalo na shule ya nje ufanywe kwa kuandikiana, wanafunzi wakiwa wawili wawili, kwa muda wa wiki kadhaa. Video ije mwisho kabisa, na ikikosekana hakuna kikubwa kilichopotea.

Ushahidi wenye uzito zaidi kuhusu jambo hili umetokana na wanafunzi wa umri huohuo. Mwaka 2011 Deanna Kuhn na Amanda Crowell, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, walichapisha katika jarida la Psychological Science matokeo ya kazi ya miaka 3 katika shule ya kati ya mjini huko Marekani, iliyokuwa na wanafunzi wengi Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Wanafunzi walioshika upande mmoja wa mada waliketi wawili mbele ya kompyuta na kuandikiana na wawili wa upande wa pili. Kabla ya kutuma kila jibu, ilibidi wale wawili wakubaliane wao kwanza: wenzetu wamesema nini hasa, na tujibu lipi? Maneno hayakupotea hewani, yalibaki kwenye skrini yakisubiri kusomwa tena. Wanafunzi wengine walisoma mada za namna hiyo kwa njia iliyozoeleka, yaani mjadala wa darasa zima ukiongozwa na mwalimu, pamoja na kuandika insha nyingi zaidi. Makundi yote mawili yalipopewa mada mpya ya kuiandikia insha, waliozoea kujibizana ndio waliokuwa wepesi zaidi kuzingatia hoja za upande wa pili na kuuliza ushahidi uko wapi. Mwalimu wa lugha anapaswa kulitafakari hilo kwa makini. Walioandika insha nyingi walizidiwa katika insha na walioandikiana na mpinzani.

Utafiti huo ulifanyika ndani ya shule moja, si baina ya nchi mbili, kwa hiyo hauthibitishi kila jambo nitakalolisema hapa. Unachokionyesha ni kwamba mtoto wa miaka 12 au 13 hujifunza kujenga hoja pale anapokuwa na mtu wa kumjibu, muda wa kulitafakari jibu, na mwenzake wa kushauriana naye. Masharti hayo matatu hayapatikani kwa urahisi kwenye video ya dakika 40 ambayo wasemaji wake ni wanne. Kwenye maandishi yanapatikana kwa kila mwanafunzi, hata yule mwenye kigugumizi, hata yule ambaye hajawahi kunyoosha mkono tangu muhula uanze.

Shule ya nje inaongeza kitu ambacho darasa lenyewe haliwezi kujipatia. Watoto waliokulia mtaa mmoja wanaelewana kwa nusu ya sentensi. Wakijadili kama shule za bweni zinafaa, hakuna anayeuliza kwa nini mtoto wa darasa la tano alale mbali na wazazi wake, kwa kuwa kila mmoja ana binamu aliye bweni. Mpe mwanafunzi mpinzani wa Ufini au Ufaransa, na swali hilo litakuja katika ujumbe wa kwanza. Sasa mwanafunzi wa Machakos au Iringa atalazimika kueleza umbali wa kwenda shule, usalama wa njiani, umeme wa kusomea usiku, na imani ya wazazi kwamba bweni huleta alama nzuri. Akishaeleza, atagundua kwamba baadhi ya sababu hizo zina nguvu na nyingine ni mazoea tu. Hapo ndipo kufikiri kunapoanza. Mpinzani asiyejua lolote kuhusu maisha yako ni mwalimu mzuri kwa sababu hawezi kukubali jambo ati kwa kuwa linajulikana.

Wapo watakaosema kujibizana kwa maandishi ni jambo baridi, la kigeni, lisilolingana na watu waliozoea kusemezana uso kwa uso. Historia ya fasihi yetu inasema vingine. Mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Mombasa na Lamu zilipokuwa na uhasama uliofikia vita vya Shela, Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walijibizana kwa tungo. Shairi lilitoka mji mmoja likajibiwa na mji wa pili, na mjibu alipaswa kulielewa fumbo la mwenzake kabla hajafumba la kwake. Karne iliyofuata gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, liliwapa washairi wa miji iliyo mbalimbali ukumbi wa kusomana na kujibizana bila kuonana. Malumbano hayo yalikuwa na adabu yake. Mwalimu wa Kiswahili ana mfano wa nyumbani wa kuwaonyesha wanafunzi kabla hajagusa kompyuta yoyote.

Swali linalofuata ni la kumpata mwenza, na hapa wengi hukimbilia mbali mno. Nje huanzia mpakani. Shule ya Taveta na shule ya Moshi ziko karibu sana, lakini wanafunzi wake wanaishi chini ya sheria mbili, mitaala miwili na serikali mbili. Chukueni mifuko ya plastiki. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mada inayosema kwamba marufuku hiyo imewaumiza wachuuzi kuliko ilivyosafisha mazingira inaweza kujadiliwa na Taveta na Moshi, au Kisumu na Kigali, na kila upande una ushahidi wa kutafuta kwa miguu yake: kwenda sokoni, kumuuliza mama mboga sasa anafungia nini nyanya zake, mfuko mbadala unauzwa bei gani, mtaro wa nyuma ya soko umejaa nini. Mwenza wa upande wa pili naye ameenda soko lake. Majibu yakitofautiana, watoto watalazimika kutafuta sababu, na hakuna kitabu cha kiada kitakachowapa sababu hiyo tayari.

Ziwa Victoria ni mada nyingine yenye hoja tele. Kenya inamiliki takriban asilimia 6 tu ya eneo la ziwa, sehemu iliyobaki ikiwa ya Tanzania na Uganda, lakini samaki hajui mipaka hiyo. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akawala samaki wengi wa asili, kisha akawa uti wa mgongo wa biashara ya kusafirisha minofu nje. Uganda ilianza kutumia jeshi mwaka 2017 kuwadhibiti wavuvi wanaotumia nyavu na mitumbwi isiyoruhusiwa. Mjadala wa Kisumu, Mwanza na Jinja kuhusu kusimamisha uvuvi kwa miezi fulani kila mwaka utawakutanisha watoto wa wavuvi, wa wachuuzi wa dagaa na wa wafanyakazi wa viwanda vya samaki. Mada ya namna hii ina thamani kuliko zile zilizochakaa za mjini na kijijini au kalamu na jembe, ambazo mwanafunzi hukariri hoja zake kutoka kwa kaka yake aliyetangulia.

Kisha kuna lugha. Wazazi wengi wanaona mdahalo na shule ya nje ni nafasi ya kukinoa Kiingereza cha mtoto, na nawaelewa. Hata hivyo mtoto hujenga hoja nzito kwa lugha anayoimiliki. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali Tanzania anafundishwa kwa Kiswahili, na mwenzake wa Kenya anakisoma Kiswahili kama somo la lazima hadi gredi ya 9. Kiswahili basi ndicho kiwanja kilicho sawa baina yao, na wenzao wa Bukavu, Bujumbura au Muscat wenye Kiswahili nyumbani wanaweza kuingia humo pia. Anzeni nacho. Mkishakuwa na uzoefu wa mdahalo mmoja au miwili, tafuteni shule ya mbali na mtumie Kiingereza, kwa kuwa maandishi yatampa mtoto muda wa kufungua kamusi na kuuliza. Katika video ya Kiingereza, mtoto wa Kahama au Kitui hupimwa kwa lafudhi kabla hoja yake haijasikika. Kwenye ukurasa hana lafudhi.

Usawa huo si suala la hisia tu. Mwanasaikolojia Gordon Allport, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu chuki na dhana potofu baina ya makundi, alieleza kwamba kukutana kwa watu wa makundi tofauti hupunguza chuki pale wanapokuwa na hadhi sawa katika mkutano huo, lengo la pamoja, ushirikiano, na uungaji mkono wa wakubwa wao. Kukutana tu hakutoshi. Shule yenye maabara ya kompyuta ikikutana na shule yenye simu moja ya mwalimu, na shule hii ya pili ikaombwa iimbe na kucheza ngoma kisha isimulie shida zake, watoto wa pande zote mbili watatoka na dhana zilezile walizoingia nazo, zikiwa zimeongezewa picha. Mwalimu akiona mazungumzo na mwenza yanaelekea kwenye misaada na zawadi kabla mada haijachaguliwa, aseme wazi kwamba wanafunzi wake wamekuja kujadiliana. Misaada ina mahali pake, na mahali hapo si katikati ya mdahalo.

Sasa utaratibu. Miezi ya Januari hadi Machi inafaa zaidi, kwa maana shule za Kenya, Tanzania, Ulaya na Amerika Kaskazini huwa wazi zote, ukiacha likizo fupi za hapa na pale. Walimu wawili wakubaliane mada moja, na kila shule iwe na watetezi na wapinzani, ili mjadala usigeuke Kenya dhidi ya Tanzania. Wiki ya kwanza kila jozi inaandika hoja zake kwenye daftari, kwa mkono, na kuchagua moja iliyo na nguvu zaidi. Wiki tatu zinazofuata ni za kujibizana. Kila jibu liwe na sehemu tatu: kwanza, kueleza hoja ya wenzetu kwa namna ambayo wao wenyewe wangeikubali, pili, kuijibu, tatu, kuuliza swali moja ambalo jibu lake lingetusaidia sote. Sehemu ya kwanza ndiyo ngumu na ndiyo yenye faida kubwa. Watoto, kama watu wazima, hujibu hoja waliyoitarajia badala ya ile waliyopewa, na sharti la kuieleza kwanza huwazuia. Maswali ya sehemu ya tatu yakusanywe ubaoni, nayo yawe kazi ya utafiti ya darasa zima. Majibu yasiyozidi nusu ukurasa yanatosha, na jozi ipewe angalau siku mbili za shule kabla ya kujibu.

Vifaa visiwatishe. Kwa darasa la wanafunzi 40 kuna jozi 20, yaani kurasa 20. Mwalimu anaweza kuzipiga picha kwa simu na kumtumia mwalimu mwenzake, naye akazisoma kwa darasa au kuzichapa. Picha hizo hazifikii gharama ya bando la saa moja ya video. Mahali penye vishikwambi, kama vile vilivyogawiwa walimu Tanzania baada ya sensa ya 2022, au tableti za mradi wa serikali ya Kenya ulioanza 2016, kazi ni nyepesi zaidi. Penye darasa la wanafunzi 80, anzeni na klabu ya mdahalo au makundi ya wanne wanne. Tofauti ya saa nayo haina madhara. Anayetaka kuzungumza mubashara na Chicago saa 9 alasiri ya Nairobi atawakuta wenzake wakiwa saa 12 au saa 1 asubuhi, kabla ya shule, ilhali barua pepe humsubiri msomaji wake.

Wiki ya tano pande zigeuke. Aliyetetea apinge, na aliyepinga atetee. Ndugu wawili, David na Roger Johnson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, wametumia miongo kadhaa kuchunguza njia ya kufundisha ambamo wanafunzi huandaa upande mmoja, hukabiliana na upande wa pili, hubadilishana nafasi, kisha huacha pande zote na kuandika pamoja msimamo unaotokana na ushahidi bora wa kila upande. Hatua hiyo ya mwisho msiiache. Jozi moja ya hapa na jozi moja ya kule ziandike aya ya pamoja ikieleza wamekubaliana nini, wamebaki wakitofautiana wapi, na ni taarifa gani ingeweza kumaliza tofauti hiyo. Baada ya hapo kila mwanafunzi aandike insha yake peke yake, na insha hiyo ndiyo mwalimu aitie alama. Mshindi asitangazwe. Mashindano ya mdahalo mbele ya waamuzi ni jambo jema na yana wakati wake, lakini mtoto anayesaka pointi huficha udhaifu wa hoja yake, na hapa tunataka auone.

Pingamizi la wazazi wengi litakuwa mtihani. Kenya ilifanya mtihani wa kwanza wa kitaifa wa gredi ya 9 mwaka 2025, na shule zina presha. Lakini mtaala wa umilisi wenyewe umetaja mawasiliano na ushirikiano, ufikiriaji wa kina, uraia na umilisi wa kidijitali miongoni mwa mambo 7 ambayo mwanafunzi anapaswa kuyapata, na kipindi kimoja kwa wiki cha Kiswahili au masomo ya jamii kinayahudumia yote manne. Aidha, kama utafiti wa Kuhn na Crowell ulivyoonyesha, insha hazipungui ubora kwa sababu ya mdahalo. Pingamizi la pili, kwamba tunawafundisha watoto kubishana na wakubwa, linastahili jibu la heshima kwa kuwa linatokana na malezi. Kanuni ya kuieleza hoja ya mwenzako kwa haki kabla ya kuijibu ni fundisho la adabu, na maandishi humpa mtoto, na mwalimu, nafasi ya kufuta neno kali kabla halijatoka. Nyumbani mtoto anayeweza kusema "Baba, nimekuelewa hivi, ila nina swali" hajavunja heshima.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la programu za akili mnemba. Mwanafunzi anaweza kuiagiza programu imwandikie jibu zima, na shule mbili zikawa zinaandikiana mashine kwa mashine. Hiyo ni hatari ya kweli, na video haiiondoi, maana hotuba nayo huandikwa. Kinga yake ni mpangilio wa kazi: hoja ziandikwe darasani kwa mkono, jozi ijue kwamba mwalimu anaweza kuwauliza papo hapo waeleze sentensi yoyote waliyoituma, na ushahidi utoke mahali ambapo programu haijafika. Bei ya mfuko katika soko la Taveta Jumamosi iliyopita haimo katika programu yoyote. Mada za karibu zinalinda uaminifu wa kazi kuliko onyo lolote.

Kuhusu usalama sitakuwa na mengi, kwa kuwa kanuni zake ni chache na hazina mjadala. Mawasiliano yote yapite kwa walimu wawili, kwa anwani ya shule. Watoto wasibadilishane namba za simu wala akaunti. Jozi zitumie majina ya kupanga, bila picha, bila jina la kijiji. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Barua ya idhini kwa mzazi iandikwe kwa lugha anayoisoma, ieleze shule mwenza ni ipi, na imwalike aje kuzisoma kurasa za mwanawe wakati wowote.

Mwenza wa mbali anaweza kupatikana kupitia mitandao ya walimu kama iEARN, iliyoanza mwaka 1988 kwa kuziunganisha shule za New York na Moscow, au kupitia mzazi aliye ughaibuni ambaye mtoto wake anasoma huko. Mwenza wa karibu ni rahisi zaidi: mwalimu wa Namanga, Busia au Holili anaweza kuvuka mpaka na kuonana na mwenzake ana kwa ana. Wakuu wa shule, mpeni mwalimu huyo kipindi kimoja kwa wiki, simu moja na bando lake, na msimdai picha wala kikombe. Nawe mwalimu, kama unataka kuanza Januari, mwandikie mwenzako sasa, kabla shule hazijafungwa kwa likizo ya Desemba, na katika barua hiyo ya kwanza mpendekezee mada moja tu.